Jicho Nalo Hufundishwa

Katika vijiji vyetu vya delta ya Rufiji liko neno moja lisemwalo kila jioni kando ya uwanja, nami nimechoka kulisikia. Kijana akikosa mpira, watu husema, "Mwacheni, huyo hana jicho." Mwenzake akiudaka vema, husema, "Huyu kazaliwa na jicho." Kisha huenda zao, kana kwamba shauri limekwisha. Mimi nasema halijakwisha. Neno hilo ni kificho cha uvivu wetu sisi tufundishao michezo, nao uvivu huo umewadhulumu watoto wengi.

Hebu tuwaulize wavuvi wa Salale. Hakuna mtoto azaliwaye anajua kutupa kimia. Baba yake humpandisha mtumbwini, akamwambia, "Usitazame samaki alipokuwa, tazama maji yanapokunjika mbele yake." Humfundisha kulitambua fungu la mchanga kwa rangi ya maji, na kujua kwa mizizi ya mikoko kwamba maji yameanza kupwa. Baada ya miaka michache mtoto yule huona mambo ambayo mgeni mwenye macho mazima hayaoni. Je, amepewa macho mapya? La. Amefundishwa mahali pa kutazama na wakati wa kutazama. Basi, ikiwa jicho la mvuvi hufundishwa, kwa nini la mchezaji liachwe kama shamba lisilo na mwenyewe?

Tena mito yetu hii ina ushahidi wake. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuja kujificha humu deltani. Tarehe 6 Julai 1915 manowari mbili za Waingereza, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikapiga mizinga saa nyingi, zisiweze kuiangamiza. Watazamaji walikuwako angani katika ndege, lakini kwa kuwa meli zote mbili zilipiga pamoja, hawakuweza kutambua vema kombora lipi limetoka wapi. Tarehe 11 Julai zikarudi, na safari hii hazikuchanganya mapigo yao. Mtazamaji akaona, akapeleka habari, mlengaji akasahihisha; na siku ile Königsberg ikaisha. Mizinga ilikuwa ile ile, na macho ya wanadamu ni yale yale. Kilichobadilika ni utaratibu wa kutazama.

Na katika michezo ni vivyo hivyo. Mpira wa adhabu hupigwa mita 11 kutoka langoni, na ukipigwa kwa nguvu hufika kwa muda wa nusu sekunde hivi. Mlinda lango angojaye kuuona ukiruka amekwisha kuchelewa. Aliye hodari husoma habari mapema, katika mguu upigao na mguu uliosimama karibu na mpira. Huko Kanada, Bibi Joan Vickers alichunguza macho ya watupaji wa mpira wa kikapu, akatoa habari zake mwaka 1996: walio hodari huikazia pete macho mapema, na kwa utulivu mrefu kuliko wengine. Mwaka 2000 huko Uingereza, Land na McLeod waliwapima wachezaji wa kriketi, wakaona ya kuwa macho ya mpigaji bora hutangulia upesi mahali mpira utakapodunda. Hayo si kitu kingine ila somo la kimia!

Lakini nisifahamike vibaya. Wako wauzao mazoezi ya kuzungusha macho, na taa za kumetameta, wakiahidi ya kuwa kila atakayeyafanya atakuwa bingwa. Wood na Abernethy wa Australia waliyajaribu mazoezi ya namna hiyo, wakatoa habari mwaka 1997 kwamba hawakuona faida katika mchezo wenyewe. Jicho la mvuvi halikufundishwa nyumbani kwa kutazama ukuta, lilifundishwa majini. Na la mchezaji lifundishwe uwanjani, mpira ukiwapo.

Nami sisemi haya kama mtu asiye na hatia. Zamani nalifundisha katika shule moja, nikawa na mvulana aliyekosa kila mpira wa juu. Nalimcheka mbele ya wenzake, nikamwondoa katika timu. Miezi ilipopita ndipo nilipong'amua ya kuwa hata ubaoni hasomi, ila akiketi mbele kabisa. Hakuwa mzembe, alikuwa haoni mbali. Miwani ingalimtosha. Lakini alikwisha kuuchukia uwanja, na karibu auchukie na ubao. Kicheko changu kilimwumiza kuliko macho yake.

Kwa hiyo nawaambia walimu wenzangu: kwanza pimeni. Iko karatasi ya herufi E zilizogeuzwa huku na huku, itolewayo na waganga wa macho. Mtoto husimama mita 6, huziba jicho moja kwa kiganja, na kuonyesha kwa vidole herufi imeelekea wapi. Hata asiyejua kusoma aweza. Asiyeona apelekwe kwa mganga, asichekwe.

Pili, fundisheni. Msichana wa mpira wa pete aikazie pete macho kabla mkono haujainuka, asiiache mpaka mpira umetoka. Mchezaji wa katikati ageuze kichwa kutazama nyuma yake kabla mpira haujamfikia. Na kila mara simamisheni mchezo mwulize, "Umeona nini?" Swali hilo halina gharama, wala halihitaji viatu vipya.

Watu watasema, "Wazee wetu walicheza bila hayo." Si kweli. Wazee wetu walifundisha jicho kila siku mtumbwini na porini. Sisi ndio tulioacha mafundisho yao nje ya uwanja. Basi tusiseme tena, "Hana jicho," mpaka tumejiuliza kwanza: je, nani amemfundisha kutazama?