Tusiwafunge Wanaoleta Elimu



Alasiri moja, baada ya swala, mzee mmoja wa hapa Kilwa Masoko alitujia amemshika mwanawe mkono, na mkono wa pili ameshika kitabu. "Maalim," alisema, "mtoto huyu ameacha kudurusu, anasoma uongo. Nchi gani hii iliyo angani?" Kitabu chenyewe kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert. Tunakiri kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa la haraka: tulimwamuru kijana akiweke kando. Kisha tukakisoma wenyewe, na makala haya ndiyo jibu letu la pili.

Je, hadithi ya kubuni ni uongo? Uongo ni kumpa mtu habari isiyo ya kweli ili aiamini. Ama mwandishi huyu, anamtanabahisha msomaji tangu mwanzo kwamba nchi hiyo imo katika mawazo tu. Waliosoma Kiarabu wanaijua Kalila wa Dimna, ambamo wanyama husema, iliyotiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 2 Hijria. Wanazijua pia Maqamat za al-Hariri, aliyefariki mwaka 1122, ambaye katika dibaji yake alijitetea mbele ya wale ambao wangemlaumu kwa kubuni visa. Ikiwa tumeziridhia hizo kwa Kiarabu, ni kwa hoja gani tuikatae ya Kiswahili?

Shaaban Robert alikuwa Mwislamu wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Kusadikika kilichapwa mwaka 1951, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza, na mwaka 1952 kikafuatiwa na Adili na Nduguze, nacho ni kisa cha wafalme na majini. Basi kwa kijana anayependa hadithi za enzi za kale na falme za kubuni, huu ndio mlango wa karibu.

Na kisa chenyewe ni hiki. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno mbele ya mfalme, kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea hatukani mtu. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirejea na jambo la manufaa kwa nchi yake, na kila mmoja alilipwa kifungo. Hatimaye mfalme anazinduka, Karama anaachiwa, na wafungwa wanafunguliwa.

Ndugu wasomaji, ng'ambo ya mlango huu mdogo wa bahari ipo Kilwa Kisiwani, iliyokuwa dola ya kweli. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, maarufu kwa jina la Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Anaeleza kwamba masharifu walikuwa wakimjia kutoka Hijazi, Iraki na kwingineko, naye akiwapokea na kuwakirimu. Huyu aliwapokea waliotoka mbali. Kusadikika iliwafunga watu wake wenyewe waliorudi kutoka mbali. Tujiulize, sisi tunaoishi jirani na magofu yale tunafanana na ipi kati ya hizo mbili?

Inasikitisha kwamba mara nyingi tunafanana na Kusadikika. Baruti imeharibu matumbawe ya pwani yetu, lakini kijana aliyesimama na kusema kwamba inaangamiza mazalia ya samaki aliitwa msaliti na jamaa zake. Binti anayerudi na elimu ya uuguzi huambiwa hana la kuwafundisha wakunga wakongwe. Hatuna gereza, lakini dharau ni gereza, na aliyenyamazishwa mbele ya watu huenda asiseme tena.

Wala tusiwalaumu wazee peke yao. Sisi tuliosoma ng'ambo kwa Kiarabu tulirejea tukidhani kwamba kusema kweli kunatosha. Tulisahihisha watu kwa ukali, kisha tukashangaa walipotuacha katika darsa na safu moja tu. Karama alikuwa na hoja na adabu pamoja. Na sisi wenyewe, tuliokuwa tukilalamika kwamba hatusikilizwi, tulimnyamazisha kijana mwenye kitabu bila ya kukifungua.

Kwa hiyo tulimwita mzee yule na mwanawe. Tulimwomba kijana radhi mbele ya baba yake, tukamrudishia kitabu kwa sharti kwamba Qur'ani itangulie kila siku, kisha atusimulie alichokisoma. Mzee hakuridhika sana, lakini alikubali. Juma lililofuata tulimkuta barazani akimwuliza mwanawe, "Haya, yule mjumbe wa tatu walimfanyaje?"

Tunawanasihi wazazi wafanye kama yeye: waulize kabla ya kuhukumu.

Wabillahi tawfiq.