SHERIA NI YA MWENYE NCHI

Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, lilitangazwa kwa Kiswahili. Mkulima alilisikia, akalijadili, akauliza. Lakini sheria za Tanzania hiyo hiyo ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Bungeni wabunge walisema Kiswahili, na muswada uliokuwa mbele yao ni Kiingereza! Na mwananchi akishitakiwa huambiwa kutojua sheria si udhuru. Je, ni haki kumfunga mtu kwa maneno asiyoweza kuyasoma?

Mwaka 1967 ulipita. Miaka zaidi ya hamsini ikapita. Ndipo mwaka 2021 Bunge likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Twalipongeza. Lakini twasema wazi: kazi haijaisha. Kiswahili kilichofungwa mafundo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Sheria ziandikwe kwa maneno ambayo mkulima huyo atayaelewa, na miswada imfikie kabla ya kura kupigwa, si baada yake.

Mwananchi ndiye mwenye nchi. Asiyeelewa shauri hawezi kulikubali wala kulikataa, huburutwa tu. Na sisi hatukudai uhuru ili tuburutwe.