Betri Haina Kosa Hadi Ipimwe



Jirani yetu mmoja amenunua betri mbili za gari katika muda wa miezi mitano, na gari lingali likimgomea alfajiri, watoto wamekwisha kupanda na mikoba yao. Kila mara huambiwa, "Mama, betri imekufa." Huenda kweli imekufa. Swali ambalo halikuulizwa ni kilichoiua.

Betri ni mfano wa mtungi: huhifadhi umeme, haiuzalishi. Anayeujaza mtungi ni alteneta, chombo kizungushwacho na injini kwa mkanda wa mpira. Alteneta ikishindwa na kazi yake, hata betri ya jana itakauka, na familia itaendelea kununua mitungi ilhali kisima ndicho kibovu.

Kipimo chake ni multimita ndogo ya volti, na bei yake haikaribii ya betri. Kabla ya kuanza, akina mama vueni bangili na pete, kwani chuma kikigusa ncha mbili za betri huwaka. Mtandio na mikono ya buibui ifungwe vyema isije ikanaswa na mkanda, wala pasiwe na moto wala sigara karibu, maana betri hutoa hewa inayolipuka.

Asubuhi, kabla gari halijawashwa, weka multimita kwenye volti za umeme wa betri, waya mwekundu upande wa kujumlisha na mweusi upande wa kutoa. Betri iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, na chini ya 12 imekwisha. Kisha washa injini upime tena. Kwa magari mengi tunatarajia baina ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kuteremka, hakuna umeme unaoingia. Ikipita 15, umeme umezidi na betri inapikwa. Mara nyingine hata harufu ya mayai yaliyooza husikika. Baadhi ya magari mapya yana kompyuta inayopunguza chaji kwa makusudi, kwa hiyo washa taa kubwa na feni, uitazame namba tena kabla ya kuhukumu.

Ikiwa chaji haiingii, zima injini uutazame mkanda: umelegea, umepasuka, au hupiga kelele taa zinapowashwa? Kisha vichwa vya betri. Hewa yetu ya chumvi hapa pwani haina huruma na chuma, na ule unga mweupe au wa kijani huzuia umeme kupita. Fungua waya wa kutoa kwanza, safisha kwa maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo, kausha, ukaze barabara. Utashangaa ni gari ngapi hupona hapo.

Jambo moja nalikataza kabisa. Wako mafundi wa kizamani ambao huichomoa betri injini ikiunguruma, ati wajue kama alteneta ni nzima. Magari ya zamani yaliweza kuvumilia. Ya leo, umeme huruka ghafla ukaunguza kompyuta, ambayo gharama yake ni kubwa kuliko alteneta yenyewe. Mzuieni kwa adabu, lakini mzuieni.

Na ikiwa vipimo vyote ni sahihi, lakini kila alfajiri betri imelala, basi kuna kitu kinachoinywa usiku: taa ya buti, kengele ya wezi, chaja ya simu. Usiku mmoja fungua waya wa kutoa. Asubuhi urudishe, gari likiwaka bila taabu, mnywaji yumo ndani ya gari, nawe usinunue betri.

Ziandike namba zako umpelekee fundi. Akisema alteneta ni mbovu, mwulize kama si kaboni au reguleta tu, kwani katika alteneta nyingi vitu hivyo hubadilishwa peke yake.