"Kusafisha" parseli

Baba mdogo ana parseli nje ya Lubumbashi, upande wa barabara ya Kasenga, na bado ina miti ya miombo. Anataka kujenga nyumba ya mapumziko ili watoto wa ukoo tukutane huko wakati wa likizo. Alipotueleza mpango wake, alianza hivi: vijana watasafisha kwanza, kisha fundi atapima.

Sisi wa kitivo cha lugha tungepaswa kushtuka. Kinachosafishwa ni uchafu. Ukiisha kuita miti uchafu, huhitaji tena kutoa sababu ya kuikata, na mchoma makala anasubiri pembeni. (Simlaumu, anatafuta maisha.) Kuna neno lingine linalotufunga, "msingi". Hoja isiyo na msingi ni upuuzi. Basi ukimwambia mzee kwamba nyumba inaweza kukaa juu ya nguzo chache tu, anaona unamletea kibanda cha mlinzi. Lakini huko Ufini, Alvar Aalto, mbunifu wa majengo mwenye jina kubwa, alipojijengea nyumba ya likizo katika kisiwa cha Muuratsalo miaka ya 1950, alifanya majaribio ya kujenga bila msingi wa kuchimba, akitumia mawe makubwa yaliyokuwa pale pale.

Ninachoshauri kwetu ni hiki. Nyumba ya likizo inalaliwa majuma machache tu. Miti inakaa pale mwaka mzima. Mgeni ndiye ajipange kufuatana na mwenyeji. Tuchore kwanza ramani ya miti, shina kwa shina, pamoja na upana wa matawi, ndipo tutafute nafasi zilizo wazi. Badala ya nyumba moja ya vyumba sita, tuweke vijumba vitatu vilivyoinuliwa kidogo, maji ya mvua yapite chini. Mashimo ya nguzo yachimbwe kwa mkono, na tukikuta mzizi mnene tusogeze shimo. Mizizi mingi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi. Lori la mchanga likipita juu yake mara kadhaa, udongo unashindiliwa, maji hayaingii, na mti unaweza kufa polepole bila kuguswa na shoka. Lori libaki barabarani, mchanga uletwe kwa toroli. Ni kazi ndefu, sikatai.

Baba mdogo si mtu wa kushindwa kwa maneno. Akauliza: na mchwa? Ana haki, kila anayejua vichuguu vya Katanga anajua nguzo ya mbao iliyozikwa ardhini itaishia wapi. Kwa hiyo chini iwe zege au chuma, mbao zianzie juu, mahali ambapo jicho litaona njia ya udongo ya mchwa ikipanda. Na moto wa kiangazi? Hapo neno "kusafisha" linapata kazi yake halali: tuondoe nyasi na majani makavu kuzunguka vijumba, tuezeke mabati, jiko liwe mbali.

Mwishoni akasema miombo ikikatwa huchipua tena. Ni kweli, visiki vyake huchipua. Lakini havichipui chini ya simenti, na mti mkubwa hauzaliwi kwa likizo moja. Shangazi aliyekuwa kimya muda wote akauliza uyoga ataokota wapi mvua zikianza. Swali lake lilikuwa zito kuliko yangu yote, kwa sababu uyoga mwingi wa miombo huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti hiyo, na vinkubala hula majani yake. Tukiikata, tutakuja likizo na kununua sokoni vyakula vilivyokuwa mlangoni petu.

Baba mdogo amekubali jambo moja tu: shoka lisiingie kabla hatujafunga vitambaa vyekundu kwenye miti itakayobaki. Yeye amehesabu kumi. Mimi nimehesabu thelathini na mmoja, na Jumamosi tunaenda kubishana huko huko, mti kwa mti.