NYUMBA NA JAMAA: Pampu isiyomnyima askari usingizi

Juma hili nalazimika kuanza na kisa cha nyumbani kwetu. Kaka yangu ni askari polisi, na zamu zake nyingi ni za usiku. Alipopata nyumba kubwa zaidi, shemeji alitaka sebule ipambwe kwa tangi la samaki wa bahari, nasi tuliozaliwa Chovai tukamwunga mkono bila kusita. Kitatange na kangaja wakatiwa ndani, wengi kupita kiasi, na pampu ya kuzungusha maji ikanunuliwa kwa kutazama bei tu. Pampu ile ilinguruma kutwa nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala. Siku ya tatu kaka alirudi alfajiri, hoi kwa uchovu, akaizima akalala. Alipoamka baada ya adhuhuri, samaki saba walikuwa wakielea matumbo juu. Shemeji hakusema neno, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko matusi.

Kosa lilikuwa letu sisi tuliochagua pampu. Kwetu Chovai kazi hiyo hufanywa na bahari yenyewe: maji yakipwa, samaki hubaki katika vidimbwi vya mwambani, maji yakijaa, hupata maji mapya. Wazee wetu walilijua hilo vyema. Wavuvi wa pwani hii walimtumia chazo, yule samaki ajigandishaye, kunasia kasa, na Frederic Holmwood, ofisa wa ubalozi wa Uingereza Unguja, aliandika habari za uvuvi huo mwaka 1884 katika maandishi ya Jumuiya ya Zuolojia ya London. Chazo mfu hamshiki kasa, kwa hiyo ilibidi atunzwe akiwa hai. Tangi la kioo halina kupwa wala kujaa. Pampu ndiyo mawimbi yake, na huutikisa uso wa maji ili hewa iingie. Tena maji ya bahari hubeba oksijeni pungufu kuliko maji matamu, kwa kadiri ya moja ya tano, na kadiri joto linavyozidi ndivyo oksijeni inavyopungua.

Kwanza pima tangi lako. La kaka lina urefu wa sentimeta 150, upana 60 na kimo 60, yaani lita 540; ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, hubaki kama lita 450. Samaki wa bahari huhitaji maji yote yazunguke walau mara kumi kwa saa, basi hapo zatakiwa lita 4,500 kwa saa. (Wa maji matamu huridhika na mara nne au tano.) Wala usiiamini namba ya kwenye boksi pasipo kufikiri. Iwapo pampu yako itapandisha maji kutoka kwenye chujio la chini, tazama pia kimo kilichoandikwa. Mita 2.5 maana yake ni kwamba katika kimo hicho halitoki hata tone. Katikati ya kimo hicho hutoka takribani nusu tu.

Sasa kelele. Pampu za bei nafuu hutumia umeme wa nyumbani moja kwa moja, na sumaku iliyo ndani huzunguka mara 50 kwa sekunde bila kupumzika. Zile zinazotumia umeme kama wa betri, volti 12 au 24, zina kidhibiti cha kupunguza mwendo. Nionavyo mimi, ni heri pampu kubwa inayozunguka polepole kuliko ndogo inayojitutumua. Bei yake ni kubwa, nakiri, lakini hutumia vati chache, nayo vati za pampu iliyozamishwa huishia kuyatia maji joto. Umeme ukikatika, yaweza kuendeshwa kwa betri ya sola yenye volti zile zile. Na badala ya pampu moja ya lita 5,000, nunua mbili za 2,500: moja ikifa usiku, nyingine itawaokoa samaki hadi asubuhi.

Dukani, mwombe muuzaji aiwashe ndani ya ndoo ya maji, nawe ushike ukingo wa ndoo. Mtetemo ukiusikia mkononi, utausikia kitandani. Asiiwashe kavu, maana itaharibika. Uliza ekseli yake ni ya nini. Kwa maji ya chumvi yafaa kauri, na chuma cha kawaida hakifai. Shaba usiikubali kabisa, kwani huwaua kamba na kome.

Ajabu ni kwamba mara nyingi anayelalama siye pampu. Ni bomba gumu linalogusa kabati, kifuniko cha kioo kinachotetemeka, au maji yanayoanguka kutoka juu. Unganisha bomba kwa kipande cha mpira laini, weka pampu juu ya sponji, na mdomo wa bomba uuweke karibu na uso wa maji. Ukitaka kupunguza mkondo, bana upande wa kutokea. Ukibana upande wa kuvutia, pampu hukosa maji na kupiga kelele zaidi. Pampu mpya ikinguruma siku ya kwanza, huenda ni hewa iliyonaswa ndani. Iinamishe kidogo itoke. Kila miezi mitatu ifungue na kuiloweka katika siki, chokaa iyeyuke.

Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yaangukie sakafuni. Zima umeme kabla ya kutia mkono majini.

Kaka sasa ana pampu mbili ndogo za volti 24, na samaki watano tu. Shemeji amebandika karatasi kwenye swichi: "Usiguse, hata ukiwa umetoka zamu."