Simu Iliyoziruka Tarehe

Juma hili tuelekee kusini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hadi Mbamba Bay katika Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Huko yuko mama mmoja muuza dagaa ambaye sitamtaja jina, maana faini aliyotozwa ingali inamwuma.

Kikundi chao cha kuweka na kukopa hukutana kila siku ya mwisho wa mwezi. Binti yake, kwa nia njema, alimwandikia mkutano huo katika kalenda ya simu: tarehe 31 Januari, ujirudie kila mwezi. Februari simu ikawa kimya. Machi ikalia. Aprili ikanyamaza tena. Mara mbili mama hakufika, mara mbili akatozwa faini, na fedha hizo zilikuwa za sare ya shule ya mjukuu. Mume wake akatamka mbele ya watoto kwamba mwanamke mvivu hakosi cha kusingizia.

Mama hakusingizia. Kalenda nyingi za simu na mtandaoni hufuata kanuni moja iliyotangazwa mwaka 2009, nayo yaagiza kwamba tarehe isiyokuwapo iachwe, wala isisogezwe mbele au nyuma. Februari haina tarehe 31, wala Aprili, wala Juni, Septemba na Novemba. Kwa hiyo mkutano wa miezi kumi na miwili ulikuwa umeandikwa kwa miezi saba tu! Dawa yake ni nyepesi: andika jambo hilo tarehe mosi, kisha iamuru simu ikukumbushe siku moja kabla. Siku iliyo kabla ya tarehe mosi ni ya mwisho wa mwezi daima, hata mwezi uwe mfupi namna gani.

Lakini Mbamba Bay ina taabu yake nyingine ambayo sisi wa Dar es Salaam hatuijui. Ng'ambo ya ziwa ni Malawi, na kusini, si mbali, ni Msumbiji. Nchi zote mbili zi nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe ikinasa mtandao wa ng'ambo, hurudi nyuma saa nzima bila kumwuliza mwenyewe. Kengele ya kuamkia saa kumi na moja alfajiri italia saa kumi na mbili, na wavuvi watakuwa wamekwisha kuuza samaki wao.

Baya zaidi ni kuandika jambo jipya simu ikiwa katika hali hiyo. Ukiandika ibada ya jumuiya ya saa kumi jioni, simu huihesabu kuwa saa kumi ya Malawi, yaani saa kumi na moja yetu. Kesho simu ikijirekebisha, kosa halijirekebishi, bali hujirudia kila juma. Hapana budi uifungue ile kumbukumbu na kuiandika upya. Kisha ingia katika mipangilio ya tarehe na saa, uzime ule mpango wa simu kujichagulia saa za eneo, uchague mwenyewe saa za Afrika Mashariki.

Wazazi wenye watoto Ulaya nao wanayo yao. Kijana aliyeko Ujerumani akipanga kuwapigia simu kila Jumapili saa nane mchana ya kwao, wakati wa baridi itakuwa saa kumi jioni hapa. Ikifika Jumapili ya mwisho ya Machi, Wajerumani husogeza saa zao mbele, na simu inaita nyumbani saa tisa, mama akiwa bado sokoni. Mtoto hudhani amesahauliwa. Mama naye akirudi na kuikuta simu iliyokosa kujibiwa, hudhani pana msiba. Hali hiyo hudumu hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kijana na aandike miadi hiyo kwa saa za Dar es Salaam. Usumbufu wa kubadili saa utamwangukia yeye, na kwa maoni yangu ndivyo ipasavyo.

Sina haja ya kusema mengi juu ya wale wanaoandika 2:00 wakikusudia saa mbili asubuhi, wakaamshwa usiku wa manane. Simu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Saa mbili yetu ya asubuhi ni 8:00.

Jambo la mwisho: unaporekebisha, simu itakuuliza kama wabadili tukio hili tu, hili na yafuatayo, au yote. Wengi hubonyeza la kwanza kwa haraka, kisha juma lijalo hulalamika kwamba kosa limerudi. Ukitaka kosa liishe tangu leo, chagua hili na yafuatayo.

Yule binti ameifuta kumbukumbu ya tarehe 31 na kuandika tarehe mosi. Mume, baada ya kuonyeshwa, alikaa kimya kitambo, kisha akaenda dukani kununua kalenda ya karatasi, akaipigilia msumari ukutani karibu na mlango. Faini haikurudishwa. Sare ilishonwa mwezi wa Juni.