Shule Zikifungwa, Damu Itoke kwa Watu Wazima
Kila shule za sekondari zinapofungwa, benki za damu za Tanzania na Kenya huanza kupungukiwa, kwa sababu hutegemea mno wanafunzi. Na damu haiwekwi akiba kama mahindi: chembe nyekundu huhifadhika siku 35 hadi 42, chembe sahani takriban siku 5 tu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, hawezi kusubiri muhula ufunguliwe. Mzigo huu ni wetu sisi watu wazima.

Wapo wanaoogopa kudhoofika. Kinachotolewa ni kama mililita 450 kati ya lita 5 hivi za mwilini, na mtoaji hupimwa kwanza uzito na wingi wa damu, asiyefaa hurudishwa. Lalamiko zito zaidi ni kwamba tunachotoa bure, ndugu wa mgonjwa huuziwa. Hasira hiyo ni ya haki kabisa, na anayeuza damu ashtakiwe. Lakini ulanguzi huo hunawiri pale damu inapoadimika. Tukisusa, tunamwachia mlanguzi soko, na ndugu wa mgonjwa yule yule ndiye atakayelipa.